Ndiyo Niliyomjibu Mzee Verne

Mwenzetu Mwadime ameshaitangazia gereji nzima kwamba nilikwenda Marekani nikaua gari la watu. Hakudanganya sana. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo yeye hunikatiza kila ninapokaribia pahali penyewe, na habari hii ukiikatiza inabaki kichekesho. Mwanzo wake unachekesha, sikatai. Mwisho wake ndio unaonirudia kila nikishika nyundo.

Mnajua nilikwenda kumwona Wakesho, binti yangu, aliyekwenda kusoma kisha akaingia kazi ya kutunza wazee majumbani. Mambo ya viza, tiketi na foleni nitawaepushia. Nyinyi mliniagiza kitu kimoja tu, picha ya lile gari ambalo Wakesho alilitaja kwenye barua. Picha sikuja nayo, na msinilaumu kabla hamjafika mwisho.

Voi hadi Nairobi

Tairi la basi lilipasuka kabla hatujafika Mtito Andei, na spea nayo haikuwa na upepo. Tulikaa kando ya barabara saa tatu nzima, jua la utosi, utingo akituapia kila nusu saa kwamba fundi yuko njiani. Nilitaka kumwambia fundi ameketi hapa hapa, lakini nilikuwa nimevaa suti ya harusi ya kaka yangu na sikutaka kuichafua.

Mama mmoja aliyeketi karibu nami alijaribu kuusogeza mkoba wangu akashindwa. Akaniuliza nimebeba nini. Nikamfungulia: nyundo yangu ya kunyooshea bodi, na kile chuma cha kuegemeza nyuma ya bati. Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Baba, unakwenda Ulaya na nyundo? Kwani wale hawana nyundo?"

Nikamweleza kwamba mzee anayetunzwa na binti yangu ana gari la miaka ya thelathini, alilolijenga kwa mikono yake, na mlango wake umebonyea. Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Mama yule alinitazama, akavunja hindi lake la kuchoma akanipa nusu. "Basi nenda ukamnyooshee," akasema. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Nilikwenda nikiamini kabisa kwamba nitamponya.

Nairobi hadi Minneapolis

Kwenye ndege mhudumu alifika na kigari chake cha chakula. Nilikuwa nanusa samaki kwa mtu wa kiti cha mbele, na nikawa naitazama sahani ya kuku aliyoninyooshea bila kuipokea. Akaniuliza kwa Kiingereza kama sitaki kuku. Nikamjibu, "Yes." Yaani ndiyo, sitaki. Akaniwekea kuku, akatabasamu, akaenda zake.

Nikadhani amesahau. Baadaye akaniuliza kama sihitaji blanketi lingine. "Yes," nikasema, kwani nililokuwa nalo lilinitosha. Akaniletea. Kwenye ndege ya pili mambo yakawa yale yale, na niliposhuka nilikuwa nimekula kuku mara tatu na kulala chini ya mablanketi kama mzazi wa jana. Nikasema moyoni, hawa watu ni wakarimu lakini hawasikii.

Mkoba wangu haukushuka na mimi. Wakesho alinikuta nimesimama mbele ya ule mkanda unaozunguka, nikihesabu mizigo ya wenzangu. Alinikumbatia, akalia kidogo, kisha tukaenda kuandikisha mkoba uliopotea. Alipomwambia karani kwamba ndani mna nyundo, karani aliandika, akasita, akauliza tena.

Uwanja wa ndege hadi Richfield

Richfield ni karibu na uwanja, ndege zinapita juu ya paa ukitia sukari kwenye chai. Wakesho alisonga ugali wa unga wa njano, akaomba radhi kwa rangi yake, na mimi nikamsimulia habari ya kuku. Alicheka hadi akaweka mwiko chini.

"Baba, hapa hawajibu swali, wanajibu jambo lenyewe. Mtu akikuuliza hutaki, na kweli hutaki, sema no. Ukisema yes, wanasikia unataka."

"No maana yake hapana," nikamwambia. "Na hapana, sitaki, ni tofauti na hapana, nataka. Mtu akisema hutaki, na amesema kweli, mimi nimkatalie nini?"

"Kwa Kiswahili ni sawa. Kwa Kiingereza ume-mess."

Nikamjibu kwamba Kiingereza nilifundishwa na padri kabla yeye hajazaliwa, kwa fimbo. Akanyamaza, kwa sababu nimemlea vizuri. Siku hizi natamani ningekuwa nimemlea vibaya kidogo, aendelee kubishana na mimi usiku ule mpaka kichwa kifunguke.

Richfield hadi Champlin

Mkoba ulifika siku ya tatu, na Jumatatu Wakesho akanichukua kwenda naye kazini. "Hapa bila ku-drive huwezi kuishi," aliniambia, na kweli tulikwenda karibu saa nzima kaskazini, barabara pana, magari hayapigi honi, mto Mississippi ukijitokeza na kujificha. Mzee wake aliishi Champlin, nyumba nyeupe ya mbao isiyo mbali na maji, yenye gereji kubwa kuliko sebule.

"Hi, Verne," Wakesho alisema mlangoni. Nilishtuka. Mtu wa miaka themanini, anamwita hivi hivi, Verne, kama mtoto mwenzake. Mimi nilimwamkia kwa heshima, nikamwita Mister Verne, na moyoni nikamwita Mzee Verne, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Jina langu la Mwakio lilimshinda kwenye ulimi. Akaniita Mac.

Alikuwa mrefu, amepinda, anatembelea kile kigari cha kushikilia. Alipokuwa akitutangulia kwenda gereji alijigonga goti kwenye pipa la rangi. "Sorry," nikamwambia, yaani pole.

Akageuka. "Kwa nini? Wewe hukunisukuma." Wakesho akanikonyeza. Hilo nalo nililiweka pale nilipoweka habari ya kuku.

Kisha akafungua mlango wa gereji. Wenzangu, mimi nimenyoosha bodi miaka thelathini na sijaona bati kama lile. Paa lilikuwa limekatwa na kushushwa, madigadi yameviringwa, na boneti limefunguliwa ubavuni ili injini ionekane, injini kubwa ya gari lingine kabisa. Wenyewe huyaita hot rod: unachukua gari la kizamani lililotupwa, unalivua mzigo, unalitia moyo mkubwa. Rangi yake ilikuwa nyekundu kama buni iliyoiva. Nilitafuta mahali palipochomelewa kwenye nguzo za paa sikupaona, nikapapasa kwa ukucha, bado sikupaona.

Yeye na mkewe, marehemu Dolores, walilikuta kwenye banda la mkulima kuku wakitagia ndani. Mzee Verne alichomelea, Dolores akashona viti kwa cherehani ya mama yake, mikunjo iliyosimama wima, mshono wa uzi mweupe. Nilipofika kwenye kifuniko cha buti nikaona kimebonyea, nikanyanyua nyundo. Mzee Verne akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. "Hicho hapana," akasema. Dolores alirudi kinyumenyume akagonga sanduku la barua, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Basi nikanyoosha mlango peke yake. Ilinichukua siku nne, pole pole, yeye ameketi kwenye stuli ananitazama mikono. Tulizungumza kidogo sana. Alinipa kahawa nyepesi ambayo ungeweza kuoshea sufuria, na mchana Wakesho alipasha moto chakula chao cha nyama iliyofunikwa viazi vidogo, chakula kizito kinachokufanya usamehe watu. Siku ya nne alipitisha kiganja juu ya mlango huku amefumba macho. Kuanzia hapo kila jambo la gari aliniuliza mimi.

Na jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwisho wa kiangazi Mzee Verne alikuwa anahamia nyumba ya kutunzia wazee, na huko hakuna gereji. Alitaka gari liende kwa mtu mmoja, likiwa zima, mtu atakayeliendesha. Hakutaka zaidi ya hilo. Zamani, aliniambia, ungeweka kikaratasi cha kuuza kwenye kioo, wanaume wangepanga foleni hadi barabarani. Sasa wale wanaume wana vigari vya kushikilia kama yeye, na vijana hawaji.

"Mtu hulitamani gari alilolitamani akiwa na miaka kumi na tano," akasema. "Hawa walipokuwa na miaka hiyo, langu lilikuwa gari la babu."

Nilimwelewa. Si mimi niliyekataa kugusa magari ya kompyuta yalipoanza kuja Voi, nikasema vijana wanaharibu ufundi? Wateja wangu wakahamia kwa kijana wa ng'ambo ya reli, nami nikabaki nanyoosha malori ya wazee wenzangu.

Champlin hadi Blaine

Jumamosi moja ya Julai tulilipeleka Blaine. Kulikuwa na mkusanyiko wa magari kwenye kiwanja cha maegesho cha duka moja. Mzee Verne aliendesha mwenyewe, mimi kando yake, Wakesho akitufuata nyuma na gari lake amejaa hofu. Lile gari lilinguruma mpaka meno yangu yakatetemeka, na Mzee Verne alikuwa na uso wa mtu wa miaka ishirini. Kama ningepiga picha, ningepiga pale.

Upande mmoja wa kiwanja walikuwa wazee, wameketi kwenye viti vya kukunja kando ya magari yao, kofia zimewafunika macho. Upande wa pili vijana walizunguka vigari vya Kijapani vilivyoshushwa hadi kugusa lami, maboneti wazi, nyaya kila mahali. Katikati palikuwa patupu. Wazee walisema vijana wa siku hizi hawajui gari. Vijana walipita, wakasema gari zuri, wakapiga picha, wakarudi kwao. Saa mbili zilipita hivyo, na kila kijana aliyeondoka nilimwona Mzee Verne akirekebisha kofia yake.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwanamume mmoja wa miaka thelathini na kitu, jina lake Troy, aliyekuja na utepe wa kupimia. Alipima injini, akapima ekseli ya mbele. Hakuficha nia yake. Alisema gari zima la namna hii siku hizi halina mtu, ila vipande vyake vina watu: injini kwa huyu, ekseli kwa yule, bodi kwa atakayetaka kuitia injini ya kisasa. Aliacha namba yake ya simu. Mzee Verne aliikunja karatasi ile akaitia mfukoni bila kumtazama.

Wa pili alitoka upande wa vijana. Alikuwa kijana wa Kihmong, watu wenye asili ya milima ya Asia, wa mji wa Saint Paul, anaitwa Tou, fundi wa gereji ya huko, na kigari chake cha kijivu kilikuwa miongoni mwa vile vilivyogusa lami. Swali lake la kwanza liliwavunja wazee mbavu. Aliuliza, "Baridi ya Januari, linawaka?"

Wazee walicheka, lakini mimi sikucheka. Kwetu gari lisilokwenda kazini ni kabati. Mzee Verne naye hakucheka. Alisema linawaka, ukijua kulibembeleza. Tou akalala chini kwenye lami akatazama tumbo la gari, akatoka na mafuta shavuni, kisha akaketi ndani na kupitisha kidole juu ya mshono wa kiti. Akauliza nani alishona. Mama yake hushona, alisema, nguo za mapambo za watu wao, na mkono wa mtu unaonekana kwenye mshono. Mzee Verne akamsimulia habari za Dolores, kuku, cherehani, hata sanduku la barua. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

"Ningekwenda nalo kazini kila siku," Tou alisema. Aliomba wiki tatu ajipange.

Tulipokuwa tunarudi, Mzee Verne aliniuliza kama nadhani kijana yule atarudi. Nikamwambia atarudi. "Vijana husema tu," akajibu, lakini alikuwa anapiga mluzi.

Jikoni, Champlin

Wiki mbili kasoro siku moja zilipita, Tou kimya. Kila asubuhi Mzee Verne aliuliza kama kuna simu iliyopigwa. Kisha ikafika Ijumaa ile. Wakesho alikuwa ghorofani anatandika kitanda. Mimi nilikuwa jikoni nakunywa ile kahawa, na simu ya ukutani ikalia.

Mzee Verne alisikiliza muda mrefu. Akafunika kinywa cha simu kwa kiganja, akanigeukia.

"Ni Troy. Anataka kuja kesho na wenzake wawili." Akaubana mkono wa simu kifuani. "Mac, wewe ni fundi. Wewe usingemwuzia, au vipi?"

Nilimtazama machoni. Yule mwenye utepe, auziwe gari la Dolores? Nikamjibu kwa moyo wangu wote, "Yes."

"Una hakika?"

"Yes, yes," nikasema, nikaitikia na kwa kichwa.

Uso wake ulishuka. Nikadhani ni uchungu wa kumfukuza mteja. Akasema maneno machache kwenye simu, haraka haraka, kwa sauti ya puani, nikaambulia "okay" peke yake. Akaitundika. Mimi niliendelea na kahawa yangu nikijiona nimeokoa kitu.

Jioni, njiani kurudi Richfield, nilimwambia Wakesho: "Troy amepiga simu. Mzee akaniuliza kama nisingemwuzia, nikamjibu ndiyo."

"Umefanya vizuri, Baba," akasema. Alikuwa amefanya shift mbili na macho yanamfumba. Hebu lisomeni tena neno nililomwambia. Kwa Kiswahili halina kosa popote.

Jumapili tulikwenda kanisani na Wakenya wenzetu, tukala pilau na chapati, na nikawasimulia habari za kuku wa ndegeni. Walicheka sana. Nilikuwa na furaha siku ile, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu

Mlango wa gereji ulikuwa wazi na ndani hamna gari. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Walilivunja pale pale, Jumamosi na Jumapili, wakabeba kipande kwa kipande. Ukutani waliegemeza vitu ambavyo Troy hakuvitaka: viti viwili vya Dolores na kile kifuniko cha buti kilichobonyea.

Mzee Verne alikuwa ameketi kwenye stuli yake. Wakesho akamuuliza kumetokea nini. "Mac aliniambia nimwuzie," akasema, bila hasira yoyote. "Na Mac anajua bati."

Wakesho akanivuta nje. "Baba, alikuuliza vipi? Niambie kwa Kiingereza, neno kwa neno."

Nikamwambia neno kwa neno. Nilipofika mwisho wa swali nilikuwa tayari nimeona. Nilimwona kuku, nikayaona mablanketi.

"Ukasema yes," akasema.

"Nikasema yes."

Akaketi kwenye ngazi. Hakusema nilikuambia. Ningependa angesema.

Nilitaka kuingia ndani nimweleze mzee saa ile ile. Wakesho akanishika shati. "Baba, gari limeshakatwa. Ukimwambia sasa, atakaa huko anakokwenda akijua lingeweza kubaki. Mwache aamini alichagua mwenyewe." Nikamtii. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa busara au nilikuwa naogopa tu, na nikijipima sawasawa naona nilikuwa naogopa.

Alasiri ya siku ile ile, wakati nafagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa, niliona mtu anakuja kwa miguu. Katika mitaa ile hakuna anayekuja kwa miguu. Alikuwa Tou, viatu vimejaa vumbi. Basi lilimshusha Brooklyn Park na kutoka hapo alitembea.

"Gari lako liko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeliuza," akasema. "Ili nichukue hili."

Alikuwa ametumia siku zote zile kumtafuta mtu wa kununua kigari chake cha kijivu, na hakupiga simu kwa sababu hakutaka kuahidi kitu ambacho hajakishika mkononi. Mzee Verne alitoka na kigari chake cha kushikilia, akamwona, akaiona barabara tupu nyuma yake, na akaelewa kabla hajaambiwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nilidhani husemi kweli," Mzee Verne akamwambia. Alimwonyesha viti, achukue angalau hivyo. Tou alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya mshono kama siku ile ya Blaine. Kisha akasimama, akasema vibaki, kwani huko anakohamia mzee atahitaji kiti.

Champlin hadi Saint Paul

Wakesho alimwambia Tou kwamba hatarudi kwa basi. Nilikaa nyuma, Tou mbele, tukavuka mto. Hapo nikashindwa. Nikamwambia kila kitu, swali lilivyoulizwa na nilivyojibu, na Wakesho akanisaidia pale Kiingereza changu kilipokwama, maana sasa nilikuwa nakiogopa.

Nilitarajia anitukane. Alitazama nje ya dirisha. "Mama yangu hujibu hivyo hivyo," akasema baadaye. "Hospitalini walimuuliza kama hana maumivu. Akasema yes. Wakamdunga sindano." Alicheka kidogo, kisha akaacha.

Tulipomfikisha kwao, mama yake alitoka mlangoni akatuletea mfuko wa matango na majani ya kuungia. Hakujua sisi ni nani wala tumemfanyia nini mwanawe. Tulishukuru kwa mikono miwili. Usiku ule Wakesho aliyakata matango yale mezani, na mimi sikuweza kuyala.

Champlin hadi Voi

Wiki yangu ya mwisho, nyundo ilipata kazi moja tu. Nilitengeneza miguu ya mbao, nikaifunga kwa mabati niliyokata kwenye pipa la rangi, nikakipachika kiti kimoja cha Dolores juu yake. Tulikipeleka katika nyumba ile ya wazee tukakiweka dirishani. Kiti cha pili Mzee Verne alimpelekea Tou, na safari hii Tou alikipokea. Kifuniko cha buti mzee alikitundika ukutani juu ya kitanda chake. Wauguzi walimuuliza ni picha ya nini.

Siku ya kuaga nilimkuta ameketi kwenye kiti kile, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri taa ya barabarani imruhusu. Nilisimama mbele yake. Nikasema, "Sorry."

"Si kosa lako," akajibu, kama wanavyojibu wote.

Wakesho alikuwa mlangoni ameshika funguo. Ndege yangu ilikuwa jioni ile. Mzee Verne alinishika mkono, ule wa nyundo, akautazama.

"Mac," akasema, "hatukukosea, au vipi?"

Nililisikia swali lote, mwanzo hadi mwisho, kama Wakesho alivyonifundisha. Kisha nikamjibu, "No."

Akaegemea nyuma, mabega yakamshuka, akanipigapiga mkono mara mbili. Yeye alisikia Kiingereza. Mimi nilikuwa nimejibu kwa Kiswahili.